Kliniki ya uzazi Kisumu: daktari nyota tano, risepsheni nyota mbili

Kwa wale mnauliza kama inafaa kutoka Kakamega hadi Kisumu kuona daktari wa wanawake, kwangu ni ndio, lakini beba uvumilivu na chaja. Jina siweki juu nitawasema kidogo.

Mimi niko na endometriosisi, ile shida ya tishu kama ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba kumea nje, kwa ovari, kwa mirija, hata karibu na utumbo, inavimba na kuacha makovu, vitu vinashikana huko ndani na yai linakosa njia. Kwingine nilikua naambiwa ni maumivu ya kawaida, zaa tu yataisha. Nizae aje na mimba ndio haishiki?

Huyu daktari hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza maswali hadi ya choo na ya chumbani, akasema wazi skani ikiwa safi haimaanishi huna, vidonda vidogo havionekanangi. Yangu ilionyesha sisti, yaani kifuko cha uvimbe, kwa ovari ya kushoto, zile za damu nzee rangi ya chokleti. Halafu akaitisha kipimo cha mbegu za mzee, na mzee alikua amekuja kunisindikiza tu, ungeona uso haha.

Penye alinifurahisha ni vile alinieleza dawa za homoni. Zinatuliza maumivu sawa, lakini ukizimeza yai halitoki, kwa hivyo kama unatafuta mtoto hizo si tiba yako saa hii. Laparoskopi, ile oparesheni ya vishimo vidogo na kamera, inaweza kuchoma vidonda na kuachanisha vilivyoshikana, na ugonjwa kama haujaenda mbali inaongeza nafasi ya kushika mimba, ila kutoa sisti kunaweza kupunguza mayai yenye umebakisha ndio maana alitaka kwanza kipimo cha AMH, kile cha damu cha kukadiria mayai yamebaki mangapi. IVF, ile ya yai na mbegu kuunganishwa kwa maabara, aliitaja bila kunisukuma.

Sasa risepsheni jameni. Umeandikiwa saa tatu unaingia saa saba, na yule dada anaita kwa sauti "wewe ndio wa kutafuta mtoto?" watu wote wanageuka. Bei za vipimo unazijua ukifika kwa keshia, kwa hivyo uliza kabla hujatolewa damu, na uliza bima yako inalipa nini.

Oparesheni bado, tunangoja majibu. Nitarudi huko huko, ila nikipiga simu kwanza niulize kama daktari amefika.