Nyumba ya mawe Gozo kwa marafiki wanane: inafaa au haifai?

Habari zenu, karibuni tena. Mezani leo hakuna simu wala blenda. Tunachambua likizo: juma moja, marafiki wanane, nyumba ya mawe yenye bwawa, kisiwa cha Gozo, Malta. Tuseme mapema msije mkamaliza bando bure: kwa kundi la sita hadi wanane inafaa, tena sana. Ila bei ya kwenye tangazo siyo bei mtakayolipa.

Wenyeji wanakiita Għawdex, tamka "Audesh". Ndege inawashusha Malta kubwa, mnakwenda kwa gari mpaka Ċirkewwa, halafu feri ya dakika 25 mpaka Mġarr. Hapa wengi huchanganyikiwa: ukienda hulipi, unapanda tu. Unalipa siku ya kurudi, euro 4.65 kwa abiria na 15.70 kwa gari na dereva wake. Kwa hiyo mweka hazina asifunge daftari mapema, feri bado inadai.

Sasa nyumba yenyewe. Ni nyumba za zamani za wakulima, razzett kwa Kimalta, za mawe ya chokaa. Kuta zake nene zinachelewa kushika joto, lakini zikishalishika, Julai na Agosti, hazipoi usiku. Vyumba vya juu, chini kabisa ya paa, ndivyo vinavyooka. Sasa tazameni ukutani: kuna kisanduku kidogo chenye tundu la sarafu. Hiyo ni mita ya kiyoyozi. Baadhi ya nyumba za Gozo kiyoyozi hakimo kwenye kodi. Unatumbukiza sarafu ya euro, kinafanya kazi, zikiisha uniti kinazima. Mtu wa Dar ataielewa haraka, ni LUKU hiyo, umeme wa kulipia kabla, tofauti ni kwamba inaisha saa tisa usiku na wote mmebaki na noti. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kikifanya kazi mfululizo kinakula takriban uniti moja kwa saa. Vyumba vinne, saa nane za usingizi, ni kama uniti 32 kwa makadirio ya juu. Muulizeni mwenye nyumba mambo matatu kwa maandishi: kiyoyozi kimo au kinalipiwa, uniti moja ni kiasi gani, na kila chumba kina chake au ni kimoja cha sebuleni.

Tangazo likisema "watu kumi", hesabuni vitanda. Mara nyingi wawili kati ya hao kumi wamewekewa sofa ya kukunjua, karibu na jokofu linalonguruma.

Hapo ndipo hela inapogombanisha. Tuseme nyumba ni euro 1,600 kwa juma. Mkigawa kwa vichwa, kila mtu 200, na aliyepata chumba chenye bafu lake na kibaraza analipa sawa na aliyebanwa chini ya paa. Manung'uniko huanza siku ya tatu. Pangeni bei kwa vyumba kabla hamjalipa: viwili vizuri 480 kila kimoja, viwili vya kawaida 320, jumla ileile 1,600. Tena michango yote iingie kabla tarehe ya kughairi bure haijapita. Mmoja akijitoa baada ya hapo, saba waliobaki wana pengo la kuziba, na ahadi za kwenye WhatsApp hazilipi kodi.

Usafiri ni raha kwetu: wanaendesha kushoto, na plagi ni zilezile za pini tatu za Kenya na Tanzania, adapta acheni nyumbani. Basi dogo la viti tisa linatosha kundi zima, ila vichochoro vya vijiji kama Xagħra vimebana na vioo vya pembeni ndivyo vinavyoumia. Sisi tungechukua magari mawili madogo. Piga video gari lote kabla ya kuondoka, chini ya bampa pia.

Baharini, tazameni upepo kwanza. Unaotawala ni majjistral, wa kaskazini-magharibi. Ukivuma kwa nguvu, Ramla yenye mchanga mwekundu inachafuka. Geuzeni gari kusini-mashariki, Ħondoq ir-Rummien, mnakuta maji yametulia. Kwingi ni miamba, viatu vya maji ni lazima. Yavuyavu akikuchoma, suuza kwa maji ya bahari. Ya bomba yanazidisha. Na ukiona tangazo lenye lile tao kubwa la jiwe pale Dwejra, jua picha ni za zamani: liliporomoka tarehe 8 Machi 2017.

Maji ya bomba ni salama lakini yana ladha ya chumvi, mengi hutokana na bahari iliyosafishwa. Mtanunua ya chupa, na kila chupa ina amana ya senti 10. Msizitupe, zirudisheni kwenye mashine. Wanaokula halali waulize kuhusu pastizzi, vitafunwa vya unga vya Kimalta, hata zile za njegere, kwani wapo wanaokanda unga kwa mafuta ya nguruwe. Dukani tegeni sikio pia: sitta, sebgħa, disgħa. Hamhitaji mkalimani, lugha yao ina asili ya Kiarabu.

Viza: Malta ni Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Aliyeko Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya, kibali chake cha kukaa Uingereza hakimfikishi. Anaomba kati ya miezi 6 na siku 15 kabla ya safari, na bima ya euro 30,000 au zaidi. Tatizo la makundi ni hili: nyumba imekodiwa kwa jina moja, wengine saba hawana ushahidi wa malazi. Mwenye nyumba awaandikie barua yenye majina yote manane.

Miezi: Juni na Septemba. Mei bwawa lisilopashwa moto ni barafu kwa aliyezoea Bahari ya Hindi. Agosti 15 ni Santa Marija, Wamalta wenyewe wanahamia Gozo na foleni ya magari Ċirkewwa inakuwa ndefu. Kama hamna tarehe nyingine, vukeni alfajiri, na sarafu za euro mzitafute kabla ya feri.