Hadubini ya kupigia karatasi picha za pande tatu: ipi ununue kwanza

Uzi wa selulosi wa msonobari una upana wa mikromita 30 hivi. Karatasi ya ofisi ina unene unaokaribia 100. Amua kwanza unachunguza kipi.

1. Hadubini ya konfokali. Kwa maabara nyingi, anza na hii. Hupiga picha tabaka kwa tabaka, kisha programu huzipanga. Chukua yenye leza za nanomita 405 na 488, na lenzi ya mafuta ya NA (uwezo wa lenzi kukusanya mwanga) 1.3 au zaidi. Kwa upana hutenganisha mikromita 0.2, kwa kina ni hafifu zaidi, kwa hiyo unene wa ukuta wa uzi upime kwa upana, si kwa kina.

Tatizo kubwa ni hewa. Ndiyo inayoifanya karatasi iwe nyeupe, kwa kutawanya mwanga, na picha hufifia kabla hujafika katikati. Lowesha kipande kwa mafuta ya lenzi mpaka kiwe kama karatasi ya maandazi, toa mapovu, funika kwa kioo cha milimita 0.17. Usitumie maji kama unapima upana: nyuzi huvimba. Tena, karatasi nyingi za ofisi zina viangazo (kemikali za kuzing'arisha) vinavyong'aa bluu chini ya leza ya 405 na kuchanganyika na mng'ao wa Calcofluor White, rangi ya kutia selulosi. Hapo tumia rangi nyingine, Congo Red, na leza ya 488.

2. Skana ya mikro-CT, inayopiga eksirei kutoka pembe nyingi na kuunda picha ya ndani. Haina mpinzani kwa karatasi kavu kutoka uso hadi uso. Vokseli (kijichemraba kimoja cha picha ya pande tatu) isizidi mikromita 1, maana ukuta wa uzi ni mikromita chache tu. Namba ya kwenye kipeperushi si uwezo halisi. Dai skani ya karatasi yako mwenyewe, ukanda wa milimita 1 hadi 2. Hakikisha chanzo cha eksirei kinashuka hadi kilovolti 30 au 40, kwani miale mikali hupenya selulosi bila kuacha kivuli. Sampuli ikinyonya unyevu katikati ya skani itajongea na picha itakuwa na ukungu. Iache ndani ya chumba cha mashine kwanza. Karatasi mbichi usijisumbue nayo: maji na selulosi havitofautiani vya kutosha.

3. Hadubini ya elektroni yenye mwale wa ioni. Huchonga tabaka za nanomita kadhaa, lakini eneo lenyewe ni makumi ya mikromita tu. Kodi kwa saa, usinunue. Ile ya elektroni ya kawaida huonyesha uso pekee, hata picha zikivutia.

Na kompyuta: ujazo wa vokseli 2000 kila upande, biti 16, ni GB 16. Chini ya GB 64 za RAM, uchambuzi utakwama.