Uzoefu wangu na fonti ya Charis SIL katika kuandika herufi za Kikirili zenye alama za mkazo

Kwa miaka mitatu sasa ninaandaa vitini vya Kirusi kwa ajili ya vijana wa Dar es Salaam wanaojiandaa kwenda masomoni Urusi, na kwa miwili ya mwisho nimetumia fonti moja tu, yaani Charis SIL. Naandika maoni haya kwa ajili ya mwalimu au mfasiri yeyote anayeandika lugha za Kislavoni, yaani Kirusi na jamaa zake, kwa wasomaji Waswahili, kwa kuwa nilipoanza sikupata mtu wa kunieleza nitakayoyaeleza hapa.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayokwenda kinyume ni machache, kama barábara lenye maana ya sawasawa, ambalo tunalitenganisha na barabára ya magari kwa mkazo peke yake. Kirusi hakina kanuni hiyo. Mkazo unaweza kuangukia silabi yoyote, na hata kuhama pale neno linapobadilika umbo. Mwanafunzi wangu akikutana na neno плачу lisilo na alama, ulimi wake unakwenda wenyewe kwenye silabi ya kwanza na kutamka пла́чу, yaani nalia, ilhali alichokusudia kumwambia muuzaji ni плачу́, nalipa. Akitaka unga, ambao ni мука́, atatamka му́ка, ambayo ni mateso. Na akitafuta kufuli, замо́к, ataomba за́мок, yaani ngome. Katika jozi zote tatu mazoea ya Kiswahili yanamvuta kwenye neno asilolihitaji. Magazeti na mabango ya Kirusi hayaandikwi alama za mkazo, kwa sababu msomaji mwenyeji hazihitaji. Vitabu vya kufundishia wageni huziweka, nami siwezi kumpa mwanafunzi kitini kisicho nazo.

Ugumu upo katika jinsi kompyuta inavyozihifadhi herufi hizi. Herufi й na ё zina msimbo wake kila moja katika Unikodi, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, kwa hiyo fonti yoyote yenye Kikirili kamili (alfabeti inayoandikia Kirusi) huzichora bila taabu. (Kwa ё, mwalimu anapumzika: karibu kila mara ndiyo inayobeba mkazo, hivyo haihitaji alama nyingine.) Lakini а́, о́, у́ na irabu nyingine zenye mkazo hazina msimbo wa pamoja. Unaandika irabu yenyewe, kisha unaifuatisha na alama inayojitegemea, U+0301, na ni kazi ya fonti kuibeba alama hiyo na kuiweka juu ya irabu iliyotangulia. Fonti ambayo mtengenezaji wake hakuonyesha mahali pa kuiweka huiacha pembeni, juu ya konsonanti inayofuata, au huonyesha kijisanduku kitupu.

Nililijua hilo kwa hasara. Kitini changu cha kwanza kilikuwa na kurasa kumi na mbili, nami nilikuwa nimekiandika kwa fonti iliyokuja na kompyuta. Kwenye kioo kilionekana kizuri. Nikakipeleka kwenye flashi hadi steshenari moja, kikafunguliwa kwa fonti nyingine, nami nikatoa kopi thelathini bila kukagua. Darasani msichana mmoja aliyekaa mbele alisoma замок mara mbili, akasita, kisha akaniuliza kwa heshima: «Mwalimu, hii alama ni ya o au ya k?» Nilipoitazama karatasi yake niliona kistari kimekaa katikati ya herufi hizo mbili, na katika ы, ambayo ni pana, kimeegemea ukingo wa kulia kana kwamba kinaanguka. Nilizikusanya kopi zote thelathini na kuzirudia upya, kwa sababu alama iliyokaa mahali pasipo pake inamfundisha mwanafunzi kosa, na afadhali neno lisilo na alama kabisa.

Charis SIL imetengenezwa na shirika la SIL, linaloshughulika na lugha za dunia, na inapatikana bure kwa leseni huria inayoruhusu kuinakili na kuiambatisha ndani ya nyaraka. Umbo lake limetokana na Charter, fonti aliyoichora Matthew Carter mwaka 1987 ili isomeke vizuri hata kwenye printa za wakati ule zisizo na uwezo wa kuchora mistari myembamba. Kwetu sisi jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu kitini hutolewa kopi, na kopi ikatolewa kopi nyingine, na bado herufi hubaki imara. Niliijaribu kwa kuandika irabu tisa za Kirusi, zote isipokuwa ё, kila moja na alama yake, kwa herufi kubwa na ndogo, za kawaida, za mlazo na nzito. Niliukuza ukurasa huo hadi asilimia mia nne na kuzipitia herufi moja moja. Alama ilikuwa katikati ya kila irabu, hata juu ya ы na ю, na juu ya А́ kubwa haikugusa herufi wala haikukatwa na mstari wa juu.

Nimeitumia pia kwa lugha nyingine. Kibulgaria kina ѝ, «kwake yeye mwanamke», ambayo bila alama yake huwa и, yaani «na». Kimasedonia kina ѓ na ќ, ambazo ni konsonanti kamili za alfabeti wala hazihusiani na mkazo. Neno ќе hufanya kazi ileile inayofanywa na -ta- yetu ya wakati ujao. Herufi hizo zina misimbo yake, kwa hiyo sikutarajia shida. Mtihani mzito ulikuwa Kiserbia, ambacho wataalamu wake huandika toni kwa alama nne tofauti: гра̑д ni mji, na гра̏д ni mvua ya mawe. Alama zote mbili zilikaa juu ya а kama inavyotakiwa.

Lawama yangu kubwa ni nafasi kati ya mistari. Fonti imeacha nafasi pana ili alama zinazopandana zisigongane, na kitini changu cha kurasa kumi na mbili kikawa cha kumi na tano. Kwa mwanafunzi anayelipia kopi kwa ukurasa, tatu za ziada si jambo dogo. Lipo toleo jingine la zamani liitwalo Charis SIL Compact, ambalo mistari yake imekaribiana, na kwa Kirusi linatosha kabisa, kwa kuwa hakuna herufi inayobeba alama mbili. Tangu nilipolifahamu, kitini kimerudi kwenye kurasa kumi na mbili.

Yapo mambo ambayo fonti haiwezi kuyatibu. Neno lenye alama lina herufi moja zaidi ndani yake, hivyo ukitafuta замок katika waraka, kompyuta yangu hailipati замо́к, na kikagua tahajia hulipigia mstari mwekundu. Ninahifadhi nakala isiyo na alama kwa ajili ya kutafutia, na ile yenye alama kwa ajili ya kuchapisha. Kuhusu kuandika alama yenyewe, katika Word unaweka kishale baada ya irabu, unaandika 0301, kisha unabonyeza Alt na X. Mimi nimeipa alama hiyo njia ya mkato kwenye kibodi, na mkono umeshazoea.

Anayeipeleka kazi yake steshenari asiipeleke kama faili la Word. Aihifadhi kwanza kama PDF ikiwa na fonti ndani yake, kisha aombe kopi moja, aitazame ы na ю chini ya mwanga mzuri, ndipo aruhusu nyingine zitolewe. Naipa Charis SIL nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia ni kwa sababu ya zile kurasa tatu.