Tetea, kiota na tenga: tathmini kwa anayefikiria kununua mashine ya mayai

Kwa anayehitaji vifaranga kumi hadi arobaini kwa mpigo, tetea wa kienyeji bado anaishinda ile mashine ndogo ya kutotolesha mayai 56 inayouzwa madukani Kampala. Katika kutotoa kwenyewe hawapishani sana. Mashine ikishika nyuzi joto 37.5, ikapata unyevu wa asilimia 45 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza na 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho, itatotoa vizuri. Tofauti inaanza siku ya 22. Mashine imekukabidhi vifaranga na kazi yake imekwisha; wewe ndio kwanza unatafuta taa au chungu cha makaa cha kuwapa nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, upunguze kama nyuzi tatu kila wiki. Umeme ukikatika usiku wa manane unabaki na makaa, na hewa ya makaa ndani ya chumba kilichozibwa inaua vifaranga pamoja na anayewalinda. Tetea joto hilo analo mwilini. Anawafundisha kuchakura, na mwewe akipita anawaita wote chini ya mbawa.

Kwa hiyo pesa ya mashine igawanye: nunua matetea wawili au watatu wazuri, zinazobaki ziende kwenye tenga, wavu na chanjo. Kasoro ya tetea haiko kwenye kutotoa. Iko kwenye wiki nne zinazofuata, vifaranga wanapowindwa na kuugua, na hiyo inazibika kwa vifaa.

Tetea mwenyewe

Sokoni Kalerwe, Nakawa au Owino utaambiwa "huyu analalia mayai vizuri sana". Huenda ni kweli, huko alikotoka. Kuku wengi wa kienyeji wanaoshushwa Kampala wanatoka mbali, Teso na Lango, wamefungwa miguu na kusafirishwa juu ya lori au basi, na safari hiyo inamaliza hamu yote ya kuatamia. Wa sokoni mnunue kama kuku wa kutaga, umsubiri akamilishe mayai yake hapo kwako ndipo aatamie. Unayetaka akalie mayai wiki hii mtafute kwa jirani, umhamishe usiku ndani ya boksi lenye giza. Usimning'inize kichwa chini kwenye usukani wa boda.

Mwenye kuatamia kweli hatoki kiotani hata usiku, anavimba ukimsogelea, na sauti yake imekuwa nzito ya kukatakata. Mgeuze: manyoya ya kifua yamepukutika na ngozi iliyo wazi ina joto. Upanga wake umefifia na kunywea kwa sababu ameacha kutaga. Upanga ukiwa bado mwekundu na mnene, huyo anapumzika tu, mwache aendelee.

Kabla hujatoa pesa angalia uso. Viroboto weusi waliojibandika kwenye upanga na kuzunguka macho hawabanduki kwa kupukuta, na ndio wanaomfanya tetea akimbie mayai siku ya kumi. Wapake vaselini nzito, wakose hewa na kufa. Miguu yenye magamba yaliyoinuka ina utitiri. Ichovye kwenye mafuta ya kupikia mara moja kwa wiki mpaka magamba yalale, la sivyo watoto wataambukizwa.

Ukubwa wa mwili si sifa hapa, tetea mzito hukanyaga mayai na kuyapasua. Na anayekuuzia Kuroiler au Sasso, kuku wa kisasa walioboreshwa, kwa ajili ya kuatamia hakutakii mema: kuku hao walichaguliwa kwa ukuaji na mayai, na kuatamia kwao ni nadra. Mayai ya Kuroiler yanatotolewa na tetea wa kienyeji bila taabu, ila ni makubwa, hivyo muwekee saba au manane badala ya kumi au kumi na mawili. Usitarajie watoto wakue kama Kuroiler aliyeyataga. Kuroiler ni chotara na mbegu haijirudii ilivyo.

Kiota: beseni, boksi au tairi

Beseni la plastiki ndilo rahisi kupata na ndilo baya kuliko yote. Sakafu yake ni bapa, mayai yanatawanyika hadi pembeni ambako tumbo halifiki, na chini linatoa jasho. Tairi kuukuu la gari dogo lililojazwa udongo ni zuri kwa umbo, lakini utitiri hujificha kwenye mikunjo ya ndani na hutaweza kuuosha. Tunachopendekeza ni boksi la mbao la sentimita 35 hadi 40 kila upande, au chungu kipana cha udongo. Weka kwanza udongo wenye unyevunyevu wa kimo cha sentimita 7 hadi 10, ubonyeze katikati uwe kama sahani ya supu, kisha nyasi kavu au majani makavu ya migomba. Udongo ndio unaoshika unyevu. Bila huo, wakati wa kiangazi utando wa ndani ya yai hukauka na kifaranga anafia kwenye ganda akiwa ameshalidonoa.

Maganda ya kahawa, yanayopendwa kwa mabanda hapa Uganda, yaache nje ya kiota kama yana harufu ya uvundo au vumbi la kijivu. Hiyo ni kuvu, na mapafu ya kifaranga wa siku moja hayaiwezi.

Boksi likae kwenye giza, mbali na kuku wengine. Wenzake wakifika hapo watamtagia, nawe utakuwa na mayai ya siku tofauti chini ya mama mmoja: wa kwanza wakitoka anaondoka nao, waliobaki wanapoa. Yawekee mayai yako alama ya penseli pande zote, na kila akitoka kula ondoa lisilo na alama.

Siku 21

Mjaribu kwanza kwa mayai mawili ya bandia au ya kula kwa siku mbili tatu. Akitulia, jioni muwekee mayai halisi yote kwa pamoja. Yasiwe na zaidi ya siku saba tangu kutagwa, yaliyokaa mahali pa baridi kiasi, ncha nyembamba chini, hayajaoshwa wala kuingia friji. Kila siku atatoka mara moja kwa dakika 15 hadi 30, atakunywa, atakula, na kutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Huo si ugonjwa. Mpe mahindi au mtama mzima, si chakula cha kuku wa mayai, na maji yawe hatua mbili kutoka kiotani ili alazimike kuinuka. Asiyeinuka kabisa mtoe kwa mikono, ukihakikisha hakuna yai lililobanwa kwapani.

Siku ya saba mulika kwa taa ya simu kwenye chumba chenye giza. Yai zima linaonyesha doa na mishipa iliyotanda. Lililo wazi kabisa halina kitu. Rudia siku ya 14, utoe yaliyokufa, maana yai viza likipasuka linachafua mengine yote. Kuanzia siku ya 18 usiguse. Usimsaidie kifaranga kuvua ganda pia: mishipa ikiwa bado ina damu utamtoa akivuja, na kiini ambacho hajakimeza tumboni kitabaki nje. Waache na mama yao saa 24 hadi 36 baada ya wa kwanza kutoka. Kiini walichomeza kinawatosha siku mbili.

Tenga

Hapa ndipo pesa inapofanya kazi. Tenga la fito lenye upana wa mita moja chini na kimo cha sentimita 60 linamtosha mama na watoto kumi na wawili kwa wiki mbili za kwanza. Usinunue la mafunjo kama litakaa nje. Mvua mbili tatu linalegea chini na nguchiro anaingiza mkono. Lililosukwa kwa fito ngumu hudumu, lakini pima mianya: kifaranga wa wiki moja akipita, mwewe atamsubiri upande wa pili. Weka jiwe juu, na lisogeze kila siku kwenye ardhi mpya, kwa kuwa kinyesi kinachorundikana mahali pamoja ndicho kinacholeta kuhara damu.

Usiku tenga halifai. Panya wanapita kati ya fito. Wahamishie kwenye sanduku lenye wavu wa nusu inchi, miguu yake imesimama ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari. Oili hiyo ni kwa ajili ya siafu, ambao mvua zikianza wanaweza kumaliza familia nzima usiku mmoja, tetea akiwa bado amekaa juu ya watoto wake.

Watoe kuchakura kuanzia wiki ya tatu au ya nne, baada ya saa nne asubuhi umande ukishakauka. Chakula cha vifaranga, chenye mukene (dagaa) wa kusaga ukikitengeneza nyumbani, kiwekwe nyuma ya kizuizi chenye upenyo wa sentimita 6 au 7 ili watoto wapite na mama abaki nje. Tetea mwenye njaa hula sehemu yao yote, halafu watu husema chakula cha dukani ni ghali.

Chanjo, na kuunganisha vifaranga

Chanjo ya mdondo (Newcastle) aina ya I-2, tone moja jichoni, irudiwe kila miezi mitatu. Inavumilia joto, lakini ibebe ndani ya kitambaa kibichi. Ya gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi, ni siku ya 14 na tena kati ya 21 na 28, kwa maji ya kisima au ya mvua, kwani dawa iliyo kwenye maji ya bomba huiua. Maduka ya Container Village, mtaa wa dawa za mifugo Kampala, huuza chupa ya dozi nyingi kuliko vifaranga vyako, na ikishachanganywa inafaa saa mbili tu, hivyo changeni na majirani.

Ukiwa na matetea wawili, waanzishe siku moja. Vifaranga wote wape mmoja, mwingine arudi kutaga mapema au akalie mayai mapya, lakini si mara ya tatu mfululizo, maana atakonda hadi kufa. Kuunganisha kufanyike usiku, wakiwa na umri wa siku moja au mbili, ukiwaingiza chini ya mbawa mmoja mmoja. Hata vifaranga walionunuliwa kwenye kituo cha kutotolesha wanapokelewa hivyo. Alfajiri uwepo: akimdonoa kichwani mgeni yeyote, hasa mwenye rangi tofauti na wake, mtoe hapohapo umlee kando.