Aliniruka mara tatu: uzoefu wangu wa darasa la Kisanskriti, Pune

Nilishaamua kulinyamazia jambo hili. Lakini juzi mdogo wangu, anayejiandaa kuja kusoma huku Pune, India, aliniuliza, "Dada, lile darasa la Kisanskriti lilikuwaje?" Damu ikanichemka upya.

Tangazo lao lilisema kozi ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni ya mtu asiyejua chochote. Nililipa rupia elfu nne na mia tano kwa mkupuo, pesa niliyoidunduliza miezi. Siku ya kwanza mwalimu aliingia, akageukia ubao, akaanza kueleza kwa Kimarathi, lugha ya wenyeji wa Pune, bila kuuliza nani anakijua. Bahati herufi za Kidevanagari, zinazoandikia lugha zote mbili, nilikuwa nimejifundisha mwenyewe chumbani, mvua za huku zikinyesha, kwa hiyo kusoma nilisoma. Kuelewa ndiko kulikokuwa kazi. Nikavumilia.

Lililonishinda ni hili. Kila kipindi kilifunguliwa kwa kukariri maumbo ya Rama, jina la mungu wa Kihindu, kila mwanafunzi na mstari wake: rāmaḥ, rāmau, rāmāḥ. Rama mmoja, Rama wawili, Rama wengi, maana lugha hii ina umbo maalumu la wawili. Zamu ikawa inashuka safu kwa safu hadi ikafika kwangu. Mstari wangu ulikuwa rāmeṇa, rāmābhyām, rāmaiḥ, na nilikuwa nimeukariri usiku kucha. Nafungua mdomo, mwalimu akamnyooshea kidole msichana wa nyuma yangu. Nikadhani hakuniona. Kipindi kilichofuata, vilevile. Cha tatu nikanyoosha mkono: "Guruji," yaani mwalimu, "zamu yangu." Akajibu bila kuinua macho kwenye daftari, "Sauti hizi ni ngumu kwenu. Wewe sikiliza tu."

Kwenu! Mimi mtoto wa Mombasa. Bibi yangu hakuniacha nitamke paa wa mwituni kama paa la nyumba. Yule wa mwituni ana pumzi, na nilirudishwa mpaka pumzi isikike. Kaa wa pwani na kaa la moto, hivyo hivyo. Sasa tazameni Kisanskriti kinavyopanga herufi zake: ka, kha, ga, gha, pa, pha, ba, bha. Ile pumzi ya bibi yangu ndiyo imegawa kha na ka, pha na pa! Angeniambia ṭa na ḍa za kukunja ulimi zitanisumbua, ningekubali, na kweli zilinisumbua. Lakini yeye hakuwahi kunisikia hata neno moja. Alijuaje?

Msiende pale. Nilipodai pesa yangu, dada wa mapokezi akaniambia ada hairudi, akaendelea na simu yake.

Siku hiyo hiyo nilipanda bajaji hadi Appa Balwant Chowk, kwenye maduka ya vitabu, nikanunua kamusi kuukuu ya Apte. Bwana huyo alifundisha hapa hapa Pune, na kamusi yake ilitoka mwaka 1890. Kurasa zimegeuka rangi ya chai, na pembeni kuna penseli ya mtu aliyeisoma kabla yangu. Neno la kwanza nililotafuta, nāham, sikulipata. Nilikaribia kulia. Kumbe ni maneno mawili ya Kisanskriti yaliyoungana: "na", yaani si, pamoja na "aham", yaani mimi. Sisi tunaosema mkewe na mwanangu tungeelezwa hilo kwa dakika moja, kama kungekuwa na wa kutueleza. Kwenye simu natumia kamusi za Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, ambazo ni bure, na humo imo ile ya Monier-Williams ya 1899. Zote mbili hizi zinakupitisha kwenye Kiingereza. Ya Kiswahili sijapata kuiona, basi daftari langu la maneno naliandika mwenyewe: śarkarā, sukari, lakṣa, laki. Yalifika kwetu zamani kwa safari ndefu, nami nayakuta huku kama ndugu.

Kilichonirudishia moyo ni kambi ya mazungumzo ya siku kumi ya Samskrita Bharati, watu wanaoeneza kuzungumza Kisanskriti, walioanzia Bengaluru mwaka 1981. Mama mmoja mwenye mvi alikaa nami mkekani akauliza, "Bhavatyāḥ nāma kim?" Jina lako nani? Jibu huanza mama nāma, yaani jina langu. Nikamweleza kwetu mama ni nani. Akanishika mkono, kisha akangoja, akangoja mpaka nikamaliza sentensi yangu.

Hata hivyo kuna kitu kinaniuma kukisema. Yule mwalimu anasoma vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia. Irabu ndefu anazipa haki yake, ndefu kweli, na mpaka leo nikikariri rāmāṇām nakariri kwa sauti yake. Anayejua Kimarathi labda aende, atafaidika. La, hapana. Hata huyo asiende, maana atakaa darasa moja na mtu anayerukwa, na atazoea.

Mdogo wangu nimemwambia aanze na kambi ile ya mkekani. Akilitaka darasa lile lazima, kabla hajatoa hata rupia moja aombe apewe mstari wake ausome kwa sauti mbele ya mwalimu. Akirukwa, achukue mkoba wake atoke.