Skafu na shali: uzi wa manyoya au wa kumetameta?

Mimi nafuma kroshia na nyuzi zote mbili, na kwa skafu nachukua wa manyoya bila kusita. Ule una vinyuzi virefu vya polista vinavyochomoza pembeni kama kope, ukimaliza unapata skafu nene laini kama paka, tena ukikosea tundu (mshono) moja hakuna anayeona. Shida yake ni kwamba hata wewe mwenyewe huoni matundu, inabidi uyapapase kwa kidole, na kufumua ndo balaa kabisa, vile vinyuzi vinashikana mpaka unachukua mkasi. Ushauri wangu ufume pamoja na uzi mmoja wa akriliki wa kawaida rangi ileile, sindano ya milimita 6 mpaka 8, halafu ingiza sindano kwenye nafasi kati ya tundu na tundu, usihangaike kutafuta kichwa cha tundu.

Wa kumetameta matundu yanaonekana vizuri, kwa hiyo shali yenye maua au nyavu inapendeza sana hasa ya harusi, ila shingoni unakwaruza jamani, kwa mtoto usithubutu. Na pasi ya moto usiguse, zote mbili zinayeyuka.