Reli ya Bruchhausen-Vilsen ni nzuri, lakini msiende na mtembeza wageni kama wetu

Kama unafikiria kulipia safari ya kikundi kwenda kupanda garimoshi la zamani huko Bruchhausen-Vilsen, kusini mwa Bremen, Ujerumani, soma kwanza haya. Usilipie. Nenda mwenyewe.

Sisi tulilipia kwa wakala mmoja, jina silitaji, msimu wa joto miaka michache iliyopita. Basi lilichelewa kutuchukua, sawa, hayo yanatokea. Chakula kilikuwa baridi, nacho nakisamehe. Kilichonichoma ni yule mtembeza wageni.

Tumeshuka stesheni, wenzangu wanakimbilia chai, mimi jicho limeshatua kwenye injini moja iliyopumzishwa pembeni, haina moto. Ni sanduku la chuma lenye madirisha. Boila huioni, magurudumu huyaoni vizuri, bomba la moshi tu limechomoza juu ya paa. Nikaijua palepale: ni "Plettenberg", injini ya tramu ya mvuke iliyoundwa na kiwanda cha Henschel mwaka 1927. Ndiyo iliyonitoa nyumbani siku hiyo. Nikamwomba yule bwana dakika chache niizunguke. Akanijibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu: hiyo si ya hapa, ni mtumba uliookotwa kwingine, na wala si garimoshi la kweli, twende tukaone la asili. Kisha akapiga makofi kama anayefukuza kuku.

Mtumba! Basi acha nieleze mimi, kwa kuwa aliyelipwa kueleza hakueleza.

Plettenberg ni mji wa viwanda vya chuma katika milima ya Sauerland. Reli yake ndogo ilifunguliwa mwaka 1896, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuhudumia viwanda. Mabehewa ya mizigo ya reli kubwa yalipandishwa juu ya vigari vya reli nyembamba, yakavutwa hadi mlangoni mwa kiwanda. Njia ilipita barabarani, mbele ya nyumba za watu. Injini inayotembea katikati ya watoto, mikokoteni na farasi haiwezi kuacha vyuma vyake vinavyozunguka wazi. Ndiyo maana ikafunikwa: nguo ya mtu isinaswe, farasi asiyaone magurudumu akatoka mbio. Lile sanduku analolidharau liliwekwa kulinda roho za watu. Reli hiyo ikafungwa mwaka 1962, na injini nyingi za namna hiyo zikaishia kukatwa vyuma chakavu.

Hii imepona kwa sababu kuna watu waliipenda. Wapenzi wa reli walianzisha chama chao mwaka 1964, na Julai 1966 wakaendesha treni yao ya kwanza hapo Bruchhausen-Vilsen. Ni reli ya makumbusho ya kwanza Ujerumani, kilomita 8 hivi mpaka Asendorf, na wanaoiendesha ni watu wa kujitolea. Na karibu kila unachokiona pale kimetoka kwingine. "Spreewald" ya mwaka 1917 imetoka kwenye reli ya Spreewald, mashariki ya nchi. "Franzburg" ya mwaka 1894 imetoka Pomerania, upande wa bahari ya Baltiki. Reli zao zilikufa, zenyewe zikapata pa kwenda. Hata lile "la asili" alilotukimbizia, "Hoya" lililoundwa na kiwanda cha Hanomag mwaka 1899, lisingekuwa na maana peke yake bila mabehewa yaliyokusanywa kutoka reli nyingine. Ondoa mtumba pale, unabaki na nini? Mtu analipwa kuwaleta wageni mahali hapo na hilo halijui, au analijua na anaona haya kulisema.

Nilijaribu kumtetea moyoni. Labda alikuwa na haraka, labda wakala wake anambana na saa. Lakini haraka haimfundishi mtu kudharau.

Safari yenyewe sasa. Ilikuwa tamu mno, nakiri, ingawa nilipanda nimenuna. Viti vya mbao vigumu, masizi yanaingia machoni, behewa linatikisika mpaka meno yanagongana. Treni inakata mjini Vilsen, inaingia msituni, inapandisha kuelekea Heiligenberg, na hapo unaisikia injini inavyohema. Nilisimama nje kwenye kibaraza cha behewa muda wote. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli Tanga. Upana wa njia ya pale ni mita moja, sawasawa na ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, na nilipotazama chini kati ya vyuma viwili niliuona upana ule ule niliouzoea utotoni.

Tuliporudi, mzee mmoja mtia makaa, uso mweusi kwa masizi, aliniona nimeiganda ile "Plettenberg" kwa macho. Hakuniuliza natoka wapi. Aliacha kazi yake, akanipeleka mpaka pembeni yake, akaanza kunionyesha kwa kidole kipi kinafanya kazi gani, mimi na Kijerumani changu, yeye na subira yake. Nikamsikiliza nikiwa na furaha ya mtoto. Halafu makofi yakalia tena. Basi linaondoka! Sikupata hata kumshukuru mzee wa watu inavyopaswa.

Nilikuwa nimepanga kuipa siku nzima nyota moja. Siwezi, nitakuwa namwonea yule mzee. Reli naipa tano. Au nne, kwa viti. Hapana, tano, viti viwe vigumu vivyo hivyo. Wakala simpi hata moja. Nimewaandikia nikidai nusu ya pesa yangu, wamejibu kwamba ratiba ilifuatwa yote.

Treni hutembea zaidi wikendi za msimu wa joto, na injini inayovuta hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kutoka nyumbani. Ukifika, nenda kwanza kwenye ile ya sanduku, uizunguke mpaka utosheke.